Kuvunjika kwa Koleo: Kujisamehe na Ubunifu katika Fasihi ya River Road

Utangulizi

Mtu aliyekosea na kuporomoka huambiwa mambo mawili kwa pamoja: jisamehe, kisha uanze upya. Maneno hayo ni mepesi kutamka. Anayeyapokea, hata hivyo, aghalabu hubaki na swali ambalo mshauri wake hakulijibu: je, mtu ana mamlaka gani ya kujisamehe kosa ambalo wengine ndio waliolilipia gharama? Mwizi akijisamehe, aliyeibiwa hurudishiwa nini?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuangalia mtaa mmoja wa Nairobi na maandishi yaliyouzunguka. Mtaa huo ni River Road, na maandishi yenyewe ni riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), pamoja na vitabu vya John Kiriamiti, mnyang'anyi wa benki aliyegeuka mwandishi. Ingawa kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, suala zinaloliibua linaigusa fasihi ya Kiswahili moja kwa moja, na lugha ya Kiswahili yenyewe, kama itakavyoonekana, ina maarifa ya kutusaidia kulifafanua. Hoja kuu ni kwamba kujisamehe hakuwi na maana mpaka kuwe kazi: kazi ya kusema kilichotendwa, kumsikiliza aliyetendewa, na kubeba malipo. Ubunifu ni miongoni mwa njia za kuifanya kazi hiyo. Hauwezi kuwa mbadala wake.

Neno lenyewe

Inafaa kuanza na neno. Kitenzi samehe, chenye asili ya Kiarabu, kina matumizi mawili makubwa katika Kiswahili. La kwanza ni kuachilia kosa. La pili ni kufuta deni, kama tunaposema kuwa mwenye duka amemsamehe mteja shilingi mia mbili. Matumizi haya ya pili yanatufunulia ugumu wa kauli kujisamehe. Mdeni hawezi kujifutia deni. Mwenye haki ya kulifuta ni yule anayedai. Kwa hiyo, mtu anaposema amejisamehe, yampasa aulizwe ni deni lipi analolizungumzia. Akimaanisha deni analodaiwa na wenzake, kauli yake ni batili. Akimaanisha deni analojidai mwenyewe, yaani ile adhabu ya ndani isiyokoma hata baada ya kifungo au fidia, hapo kauli yake ina mashiko.

Kiambishi rejeshi -ji- kinaunda msururu wa vitenzi jirani ambavyo mara nyingi huchanganywa na kujisamehe. Kujitetea ni kutafuta sababu za kuonyesha kwamba kosa halikuwa kosa. Kujihurumia ni kujigeuza mhasiriwa wa kosa alilolitenda mtu mwenyewe. Kujilaumu ni kurudia hukumu ileile kila siku bila kupiga hatua. Vitenzi vyote vitatu vina upungufu mmoja: havimsogezi mtu kutoka pale alipoangukia.

Kiswahili kina kitenzi kingine kilicho bora zaidi kwa mjadala huu, nacho ni kujirudi. Husemwa kwamba fulani amejirudi pale anapotambua upotovu wake na kuuacha. Taswira iliyomo ni ya safari: mtu alijiacha nyuma, akaenda mbali na nafsi yake, kisha akafunga safari ya kurejea. Neno toba nalo, katika asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kurejea. Kwa hiyo lugha imekwisha kutuonya kwamba msamaha wa nafsi unahitaji mwendo. Hautoshelezwi na tamko.

River Road: mahali na maana

River Road iko upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Nairobi, ng'ambo ya Tom Mboya Street, karibu na mitaa ya Luthuli, Latema, Accra na Kirinyaga. Ni mtaa wa mabasi na matatu, vyumba vya kulala wageni vya bei nafuu, maduka ya jumla, vibanda vya kutengeneza redio na simu, mikahawa, baa na mitambo ya uchapaji. Msafiri anayetoka mashambani aghalabu huliona jiji kwa mara ya kwanza akiwa hapo. Anayefukuzwa na kodi za mitaa ya juu naye huishia hapohapo.

Kijiografia, mtu anayetoka upande wa Moi Avenue huteremka kuelekea Mto Nairobi. Katika fasihi, mteremko huo umegeuzwa kuwa sitiari ya kuporomoka kijamii. Kichwa cha riwaya ya Mwangi chenyewe kinataja kushuka, na msomaji anapokifikia kisa huona kwamba kinachoteremka si miguu tu, ni hadhi, mapato na matumaini.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuusoma mtaa huu kama shimo pekee. River Road ni karakana pia. Kwa miongo kadhaa maduka yake yalihusika katika kurekodi na kuuza muziki wa benga na wa lugha mbalimbali za Kenya. Mnamo miaka ya 2000 lilizuka jina Riverwood kutajia filamu za gharama ndogo zilizotengenezwa kwa Kikuyu, Kiswahili na lugha nyinginezo, zikauzwa katika maduka ya mtaa huo kwa kanda na baadaye kwa diski. Biashara ya diski imefifia tangu video zihamie kwenye intaneti, lakini funzo lake limesalia: mahali palepale ambapo jiji huwatupa walioshindwa ndipo baadhi yao walipopata vifaa vya kutengenezea kitu kipya. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii haisemi kwamba koleo halikuvunjika, wala haimwambii mhunzi asahau. Inasema ufundi umo mikononi mwake, na moto ungali unawaka.

Ben: anayeporomoka bila kusimulia

Mhusika mkuu wa Going Down River Road ni Ben, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi kabla ya kufukuzwa. Baada ya kupoteza hadhi hiyo anaishia kuwa kibarua katika ujenzi wa jumba refu liitwalo Development House, akifanya kazi na rafiki yake Ocholla. Kejeli ya Mwangi haijifichi: vibarua wanajenga jumba ambalo hawatakaribishwa ndani litakapokamilika, na kadiri linavyopanda ndivyo ajira yao inavyokaribia kwisha.

Ben anaishi na Wini, mwanamke mwenye mtoto aitwaye Baby. Wini anapoondoka, anamwacha mtoto huyo mikononi mwa Ben, ambaye si baba yake. Hapa ndipo riwaya inapokuwa na thamani kwa mjadala wetu. Ben ni mlevi, ni mkali, na hana subira. Hana lugha ya kuyazungumzia makosa yake. Maisha yake ya nyuma hurejea kama uchungu, na uchungu huo huzimwa kwa pombe. Hata hivyo, hamtupi mtoto. Anagombana naye na kumkaripia, lakini anashughulikia malazi na masomo yake, na wanapofukuzwa katika nyumba anahama naye hadi kibandani kwa Ocholla.

Mwangi hampambi Ben kwa toba ya ghafla. Anachomwonyesha msomaji ni mtu anayeanza kujirudi bila kujua kwamba anafanya hivyo, kwa kutenda jambo moja gumu siku baada ya siku. Kinachomkosa ni usimulizi. Kwa kuwa hawezi kuyapanga yaliyompata katika mfuatano wenye maana, anabaki akizunguka kati ya kazi, baa na kitanda. Ben ana matendo ya ujenzi mpya lakini hana maneno yake. John Kiriamiti alianza na maneno.

Kiriamiti: vitabu vitatu, hatua tatu

John Kiriamiti alizaliwa Murang'a mwaka 1950. Masomo yake ya sekondari yalikatika akiwa bado kijana mdogo, akajitosa katika uhalifu wa Nairobi hadi kufikia unyang'anyi wa benki. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Akiwa katika gereza la Naivasha aliandika mswada uliochapishwa mwaka 1984 kwa jina My Life in Crime, mwaka uleule alioachiliwa. Kitabu hicho kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa sana nchini Kenya. Mwaka 1989 alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, na mwaka 2004 akatoa My Life in Prison. Kati ya vitabu hivyo aliandika pia Son of Fate (1994), kisa cha mfungwa aliyeachiliwa na kujaribu kuishi kwa njia halali katika jamii isiyomwamini.

Tukivisoma vile vitatu vya maisha yake kwa mfululizo, tunaona jambo ambalo msomaji wa kitabu cha kwanza pekee hawezi kuliona.

Hatua ya kwanza ni kusema kilichotendwa. Katika My Life in Crime msimulizi anaitwa Jack Zollo. Jina hilo la kubuni linafanya kazi mbili zinazokinzana. Kwa upande mmoja linamwezesha mwandishi kujitazama kwa mbali, kana kwamba anamtazama mtu mwingine, na hivyo kuyaeleza mambo ambayo aibu ingeyafunga. Kwa upande mwingine linampa mahali pa kujificha. Aidha, usimulizi wenyewe una sheria zake. Anayesimulia hulazimika kuonyesha jinsi tukio moja lilivyozaa jingine, na anapofanya hivyo hukutana na zile njia panda ambapo angeweza kuchagua vingine. Mtu anayejitetea husema mambo yalitokea. Msimulizi makini hulazimika kusema niliyatenda. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo chanzo cha kujirudi.

Hatua ya pili ni kumsikiliza aliyetendewa. Kitabu cha 1989 kinageuza nafsi ya usimulizi: anayezungumza sasa ni Milly, mwanamke aliyempenda Zollo. Matukio mengi ni yaleyale, lakini uzito wake umebadilika. Kile ambacho katika kitabu cha kwanza kilikuwa ushujaa wa kuwatoroka polisi, kwa Milly ni usiku wa kungoja asijue anangoja nini. Pesa zilizokuwa alama ya ushindi zinageuka kuwa ushahidi wa uongo. Mtunzi analazimika kuliishi kosa lake kwa upande wa pili, na kumruhusu mhusika amhukumu kwa sauti ambayo yeye mwenyewe ameitunga. Kwa mbinu ya kifasihi huku ni kubadili mtazamo tu. Kwa maadili ni jambo zito zaidi, kwani mwandishi amempa mdai nafasi ya kutaja deni.

Hatua ya tatu ni kubeba malipo. Kitabu cha 2004 kinaingia gerezani, mahali ambapo vitabu vya uhalifu aghalabu huishia mlangoni. Kilitoka miongo miwili baada ya mwandishi kuachiliwa. Muda huo unastahili kuzingatiwa. Uhalifu ulisimuliwa upesi kwa kuwa una msisimko. Adhabu ilichukua muda mrefu zaidi kusimuliwa kwa kuwa haina shujaa. Anayeanza na sifa na kumalizia na gharama amesafiri njia ndefu, hata kama hakuipanga hivyo tangu mwanzo.

Hoja ya kupinga

Yapo mapingamizi ambayo msomaji makini hawezi kuyapuuza. La kwanza ni kwamba My Life in Crime inasisimua kupita kiasi. Kijana anayeisoma anaweza kumtamani Jack Zollo badala ya kumwogopa, na maonyo ya mwandishi yakazimwa na kasi ya kisa. Pingamizi hili lina uzito. Ubunifu hupendezesha chochote unachokigusa, na uhalifu nao hupendezeshwa. Jibu pekee ni kwamba kitabu hicho kisisomwe peke yake. Milly ndiye sahihisho lake.

La pili ni gumu zaidi. Milly alipewa sauti kwa kuwa alikuwa mpenzi. Karani aliyetolewa bastola, mpita njia aliyejitupa chini, na familia iliyosubiri habari hospitalini hawakuandikiwa kitabu. Mtunzi anaweza kuwawazia waliokuwa karibu naye, lakini wale wasiomjua hubaki vivuli. Hapa ndipo mpaka wa ubunifu unapoonekana. Hakuna idadi ya kurasa inayoweza kufuta deni la mtu ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo, anayejijenga upya kwa sanaa hana budi kukubali kwamba sehemu ya deni lake itabaki bila kufutwa, na aishi hivyo bila kuligeuza kuwa kisingizio cha kukata tamaa.

Pengine pia ni muhimu kutofautisha hatia na dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni yalichapishwa kwa jina Sauti ya Dhiki (1973), na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Abdilatif hakuwa na cha kujisamehe. Alifungwa kwa kusema aliloamini. Ubunifu wake ulilinda nafsi isivunjwe na wengine. Ubunifu wa Kiriamiti ulikusanya nafsi iliyovunjwa na mwenyewe. Waliofikwa na masaibu bila kosa lao, kama vile waliofutwa kazi, waliougua au waliofiwa, mara nyingi hujilaumu kana kwamba wana hatia. Hao wanachohitaji kwanza ni kutambua kwamba hawadaiwi. Kumwambia mtu asiye na kosa ajisamehe ni kumbambikia kosa.

Funzo kwa fasihi ya Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili imeushughulikia msamaha kwa namna mbalimbali. Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, ndugu waliomtendea Adili uovu kwa husuda wanageuzwa manyani, na wanarudishiwa umbo la binadamu kwa msamaha unaotoka nje yao. Hapo msamaha ni tunu inayotolewa na mkosewa na wenye mamlaka. Mkosaji hupokea tu.

Euphrase Kezilahabi alituonyesha upande wa pili. Rosa katika Rosa Mistika (1971) na Kazimoto katika Kichwamaji (1974) wote wanajiua. Sababu zao zinatofautiana, na jamii ina lawama yake, lakini wote wawili wanafika mahali ambapo wakati uliopita umeziba mlango wa wakati ujao. Kwa upande mwingine, Maimuna katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed anaporomoka hadi ulevi na ukahaba, kisha anajaribu kuanza upya. Kati ya msamaha unaoshushwa kutoka juu na kifo kinachofunga kisa, Maimuna ni mfano wa njia ya tatu: kuendelea kuishi, huku mtu akijua alichokuwa.

Njia hiyo ya tatu ndiyo ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuipanua. Wahusika wa aina hiyo wametungwa, tena wametungwa vizuri. Lililo nadra ni sauti ya aliyeporomoka mwenyewe, akisimulia kwa Kiswahili chake: dereva wa matatu, mfungwa aliyeachiliwa, msichana aliyetoka katika danguro la mjini, mfanyabiashara aliyefilisika. Watu hao wanapita River Road kila siku, na lugha yao ni Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Utafiti wa fasihi simulizi umezoea kwenda vijijini kukusanya ngano na nyimbo. Hakuna sababu ya kutokwenda pia kwenye karakana na vyumba vya mitaa ya chini, kwa ridhaa ya wahusika na kwa kuzihifadhi siri zao, kusikiliza jinsi watu wanavyoyapanga maisha yaliyovunjika ili yasimulike.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kujisamehe, kama tamko tupu, hakuna mamlaka, kwa kuwa mdeni hajifutii deni. Kunapata mamlaka kunapokuwa mchakato wa kujirudi, na katika vitabu vya Kiriamiti mchakato huo umejitokeza kwa hatua tatu: kukiri tendo, kumpa sauti aliyetendewa, na kusimulia malipo. Ben wa Meja Mwangi anatukumbusha kwamba matendo yanaweza kutangulia maneno, na kwamba kumlea mtoto aliyeachwa ni ujenzi hata pale mlezi anapokosa lugha ya kuueleza. Wahasiriwa wasiotajwa wanatukumbusha kwamba sanaa ina mipaka.

Anayetaka kuanza upya kwa kalamu, basi, ana kipimo rahisi. Akimaliza kuandika, na ajiulize ni nani katika kisa chake ambaye hajapata nafasi ya kusema. Ukurasa unaofuata ni wa huyo.